Tusiufanye mwili kuwa njia ya umeme

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya hauzungumzii malaria wala lishe ya watoto. Tunapenda tuzungumze juu ya umeme, kwa sababu umeme nao hujeruhi na kuua, na mara nyingi humpata mtu akiwa nyumbani kwake katika kazi za kila siku.

Mama mmoja wa parokia mojawapo mkoani Mbeya alitusimulia habari ya kamba yake ya kuanikia nguo. Ilikuwa waya wa chuma, upande mmoja umefungwa kwenye mti, upande wa pili kwenye msumari wa paa la mabati. Kwa wiki kadhaa, kila alipoanika nguo alihisi kamba "inatekenya" vidole. Majirani walicheka, na watoto wakaugeuza kuwa mchezo. Mvua za Novemba zilipoanza, binti yake wa darasa la sita alitoka asubuhi, pekupeku, kwenda kuanua nguo zilizolowa. Alipoishika kamba alitupwa chini. Kuanguka huko ndiko kulikomwokoa, maana mkono uliachia. Alipona, akabaki na kovu kiganjani. Fundi alipopanda darini alikuta waya wa taa umechubuliwa na ukingo wa bati.

Kamba ilikuwa ile ile na umeme ule ule. Kwa nini basi mama alitekenywa tu, na binti akatupwa chini? Jibu lake hufundishwa shuleni kwa betri na balbu ndogo, lakini wengi wetu hulifunga pamoja na daftari mara mtihani unapokwisha. Tulifungue tena, wazazi na watoto pamoja.

MKONDO NI NINI?

Ndani ya vyuma kama shaba na alumini mna chembe ndogo mno ziitwazo elektroni, ambazo ziko huru kusogea. Zikisukumwa zote kuelekea upande mmoja, mwendo wao huo ndio tunaouita mkondo wa umeme. Vitu ambavyo elektroni zake haziko huru, kama plastiki, mpira, kioo na mti mkavu, havipitishi mkondo kwa urahisi. Ndiyo maana waya wa shaba huvishwa gamba la plastiki.

Mkulima wa vinyungu kule Iringa anajua kwamba maji hupita mferejini kwa sababu kuna mahali pa juu na mahali pa chini. Umeme nao huhitaji tofauti ya namna hiyo ili usukumwe. Msukumo huo hupimwa kwa volti. Wingi wa mkondo unaopita hupimwa kwa ampea, na ugumu wa njia, yaani ukinzani, hupimwa kwa omu. Majina haya yametokana na wataalamu watatu: Alessandro Volta wa Italia, aliyetengeneza betri ya kwanza mwaka 1800, André-Marie Ampère wa Ufaransa, na Georg Ohm wa Ujerumani, aliyeitangaza kanuni yake mwaka 1827.

Lakini mfano wa mfereji una mwisho wake. Maji ya mfereji yakifika bustanini humwagika, kazi ikaisha. Umeme haukubali hivyo. Sharti uwe na njia ya kwenda na njia ya kurudi mahali ulikoanzia. Njia hiyo ikikamilika tunaiita sakiti. Ikikatika mahali pamoja tu, hata kwa upana wa unywele, mkondo wote husimama.

JARIBIO LA NYUMBANI

Jambo hili watoto wanaweza kulijaribu kwa betri za tochi, zile ambazo wengine huziita mawe. Chukueni betri 2, balbu ndogo ya tochi, na vipande viwili vya waya vilivyochunwa ncha. Pangeni betri kichwa kwa kitako, kisha toeni waya mmoja kutoka kichwani hadi kwenye balbu, na mwingine kutoka kwenye balbu kurudi kitakoni. Balbu itawaka. Ondoeni waya mmoja, balbu itazimika. Swichi ya ukutani hufanya kazi hiyo hiyo ya kukata njia na kuiunganisha.

Sasa kateni njia mahali pamoja, na hapo katikati wekeni vitu mbalimbali: ufunguo, sarafu, kijiti, kipande cha ndala, uzi. Andikeni kipi kinawasha balbu na kipi hakiwashi. Mtoto aliyefanya hivi kwa mikono yake ataelewa kwa nini fundi hushika koleo lenye mpini wa plastiki.

Wakiwa na balbu mbili wanaweza kujifunza jambo jingine. Balbu zikifuatana katika njia moja, tunasema ziko mfululizo. Zote hufifia, na moja ikifunguliwa zote huzimika. Hivyo ndivyo zilivyo taa nyingi za zamani za pango la Noeli, ambapo balbu moja ikiungua pango zima huwa giza. Kila balbu ikipewa njia yake ya kwenda na kurudi, tunasema ziko sambamba. Nyumba zetu zimeungwa sambamba, na kwa hiyo tukizima taa ya jikoni, redio ya sebuleni haizimiki.

Tunatilia mkazo: majaribio haya ni ya betri za tochi tu. Umeme wa ukutani si wa majaribio.

KUTOKA MABWAWANI HADI UKUTANI

Umeme si mgeni katika Nyanda za Juu Kusini. Tosamaganga karibu na mji wa Iringa, na Mbalizi karibu na mji wa Mbeya, vilijengwa vituo vidogo vya kuzalisha umeme kwa maji tangu miaka ya 1950. Baadaye vilikuja vituo vikubwa zaidi, cha Kidatu mwaka 1975, cha Mtera mwaka 1988 na cha Kihansi mwaka 2000. Njia kuu inayopita Iringa na Mufindi hadi Mbeya hubeba volti 220,000. Volti hizo hupunguzwa hatua kwa hatua, mpaka transfoma ya mtaani inapotuletea volti 230. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulianza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nguzo zimefika vijiji vingi ambavyo wazee wake walizoea koroboi. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini umeme unapoingia katika nyumba ambayo haujapata kuingia, elimu yake nayo haina budi kuingia.

Waya mmoja unaoingia nyumbani huitwa laivu, ndio wenye msukumo. Wa pili huitwa nyutro, ndio wa kurudia. Sasa tuliangalie jambo ambalo wengi hatulijui. Kule kwenye transfoma, nyutro imeunganishwa na ardhi. Maana yake ni kwamba ardhi tunayoikanyaga nayo ni njia ya kurudia. Mtu aliyesimama chini akigusa laivu hahitaji kugusa waya wa pili, kwa kuwa miguu yake imekwisha kuugusa. Mwili wake umekuwa kipande cha waya kilichokuwa kinakosekana.

Hapo tunaona pia kwa nini ndege hutua juu ya waya wa nguzo asidhurike. Miguu yake yote iko kwenye waya mmoja, wala hagusi ardhi. Hana njia ya kurudisha mkondo.

Ile bisibisi ya fundi iitwayo testa hutumia mwili wake kwa namna hiyo. Ndani yake mna kizuizi chenye ukinzani mkubwa sana, hivyo mkondo mdogo mno hupita kwenye kitaa, kwenye kidole cha fundi, hadi ardhini. Kitaa kikiwaka, mwili umekamilisha sakiti. Testa iliyopasuka au kulowa ni ya kutupa.

HESABU INAYOHUSU UHAI

Kanuni ya Ohm ni fupi: gawanya volti kwa omu, utapata ampea. Wanafunzi huikariri kwa ajili ya mtihani. Sisi tuitumie kumwelewa binti yule.

Mama alivaa ndala, ardhi ilikuwa kavu, na aligusa kamba kwa vidole tu. Tuseme kwamba njia nzima, yaani ngozi, ndala na ardhi, ilikuwa na omu 100,000. Gawanya 230 kwa 100,000. Utapata ampea 0.0023, yaani miliampea 2.3. Hiyo hutekenya.

Binti alikuwa pekupeku kwenye tope, mikono imelowa, na aliikamata kamba kwa kiganja kizima. Njia yake tuseme ilikuwa na omu 2,000. Gawanya 230 kwa 2,000. Utapata ampea 0.115, yaani miliampea 115. Mkondo umekuwa mara 50 ya ule wa mama. Volti hazikubadilika. Iliyobadilika ni njia.

Je, mwili hustahimili kiasi gani? Kwa umeme wa majumbani, miliampea 1 hivi huhisiwa kama mtekenyo. Kuanzia miliampea 10 hivi misuli ya mkono hujikaza yenyewe, na mtu hawezi kuachia alichoshika. Ndiyo maana Kiswahili husema mtu "amenaswa" na umeme. Ikifika 30 hivi, misuli ya kifua nayo hukaza na kupumua huwa shida. Kuanzia 50 na kuendelea, mkondo ukipita kifuani hata kwa muda mfupi, moyo huweza kuacha kupiga kwa mpango na kuanza kutetemeka tu. Damu husimama, na mtu hufa kwa dakika chache.

Tulinganishe na taa. Balbu ya zamani ya wati 60 hutumia miliampea 260 hivi. Nusu ya mkondo wa balbu moja yatosha kuua mtu mzima.

Tusije tukadhani kwamba ngozi kavu ni ngao. Volti 230 huweza kuishinda ngozi, na ukinzani wake ukashuka ghafla. Kamba inayotekenya leo ni onyo, na onyo hilo halina ahadi ya kurudiwa.

FYUZI HAIMLINDI MTU

Wengi hudhani kwamba fyuzi iko pale kumlinda mtu asipigwe shoti. Sivyo. Fyuzi ya plagi ya ampea 13 haitakatika kwa ampea 0.115. Mtu atakufa nayo ikiwa nzima. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya zisipate joto na kuchoma nyumba. Pasi ya wati 1,000 huchukua ampea 4.3, na jiko la wati 2,000 huchukua 8.7. Vikichomekwa pamoja kwenye ekstensheni moja, tayari ampea 13 zimefika. Ongeza birika la umeme, na waya utaanza kuchemka. Anayeweka msumari au waya mnene mahali pa fyuzi ameondoa mlinzi, na moto utakaofuata atakuwa ameukaribisha mwenyewe.

Kinachomlinda mtu ni vitu viwili. Cha kwanza ni ethi, yaani waya wa kijani na njano unaounganisha gamba la chuma la kila kifaa na fimbo iliyochimbiwa ardhini. Laivu ikigusa gamba hilo, mkondo mkubwa hupita njia hiyo nyepesi, nao ndio hukata fyuzi kabla mtu hajawa njia. Cha pili ni swichi ya usalama inayopima mkondo unaotoka na unaorudi. Kama tulivyoona, kinachokwenda sharti kirudi. Vikitofautiana kwa miliampea 30, maana yake kuna mahali umeme unavuja, huenda kwenye mwili wa mtu, na swichi hukata mara moja. Mwulizeni fundi kama nyumba yenu inayo. Kama haina, yafaa kuiwekea akiba.

MAKOSA TUNAYOYAONA MAJUMBANI

1. Kuchomeka plagi ya miguu miwili kwa kusukuma tundu la juu kwa kalamu, kijiti au msumari. Tundu hilo ni la ethi, nalo hufungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Mtoto anayetuona huiga, na siku moja atatia msumari tundu la chini. Nunueni adapta au badilisheni plagi.

2. Hita ya kutumbukiza kwenye ndoo. Baridi ya Juni na Julai huko Mafinga, Uyole au Tukuyu hufanya wengi waipende. Usitie kidole kupima maji kabla ya kuchomoa plagi. Zile zinazotengenezwa na wanafunzi mabwenini kwa nyembe na waya ni mbaya zaidi, kwa kuwa hapo maji yenyewe ndiyo yaliyofanywa njia ya umeme.

3. Kamba ya chuma ya nguo iliyofungwa kwenye paa, au mlingoti wa antena karibu na waya za nguzo.

4. Kufunga maungio ya waya kwa nailoni au plasta ya kidonda. Maungio huhitaji tepu ya umeme au kiunganishi chenye gamba.

5. Kumwamini kila anayeshika bisibisi. Rangi za waya zimebadilika. Katika nyumba za zamani laivu ni nyekundu na nyutro ni nyeusi, lakini katika waya za sasa laivu ni kahawia na nyutro ni bluu. Asiyejua tofauti hiyo asiguse.

6. Kuusogelea waya ulioanguka kutoka kwenye nguzo. Kaeni mbali, angalau hatua 15, wazuieni watoto na mifugo, mkatoe taarifa TANESCO. Msijaribu kuusukuma hata kwa mti.

Wanaotumia sola nao wasikilize. Betri ya volti 12 haimrushi mtu, lakini ncha zake zikiunganishwa kwa spana huunguza na kuweza kulipuka. Na inveta ikishageuza kuwa volti 230, umeme huo huua kama wa TANESCO.

MTU AKINASWA, TUFANYE NINI?

Usimshike. Mwili wake sasa ni sehemu ya sakiti, na ukimgusa nawe utaingia. Wengi hufa wakijaribu kumwokoa ndugu.

Kwanza, zima meni swichi au chomoa plagi. Ikishindikana, na ikiwa ni umeme wa nyumbani, simama juu ya ubao mkavu na umsukume kwa mti mkavu, kama mpini wa fagio. Kwa waya za nguzo usithubutu. Subiri TANESCO wakate.

Pili, umeme ukishakatwa, mwite na mtazame kama anapumua. Kama hapumui, mlaze chali mahali pagumu. Weka viganja viwili vilivyopandana katikati ya kifua na ukandamize kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyefundishwa ampulizie pumzi 2 kila baada ya mara 30. Msiache mpaka aanze kupumua au mhudumu wa afya afike. Mwingine atafute gari.

Tatu, mahali palipoungua mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Kumfukia mtu mchangani hakuondoi umeme. Umeme haubaki mwilini, na kufanya hivyo hupoteza dakika zinazohitajika kuusaidia moyo.

Nne, mpelekeni hospitali hata kama anasema amepona. Kidonda cha nje huweza kuwa kidogo kumbe ndani misuli imeungua, na moyo huweza kupoteza mpango wake baadaye.

KAZI YA WIKI HII

Tunawaomba wazazi mzunguke nyumba pamoja na watoto wenu. Tazameni kila swichi, kila waya na kila mahali waya unapogusa bati. Mtoto anayesoma sayansi awaonyeshe umeme unaingilia wapi na unarudia wapi, nanyi mwulizeni mwili wa mtu unaweza kuingia mahali gani katikati ya njia hiyo. Hapo ndipo pa kurekebisha. Na kifaa chochote kikitekenya, zimeni meni swichi siku hiyo hiyo mkamwite fundi.

Yule mama ameondoa waya wake wa chuma. Siku hizi anaanika nguo kwenye kamba ya katani iliyofungwa kati ya nguzo mbili za miti, mbali na paa, na binti yake ndiye aliyechagua mahali pa kuzichimbia.